Seva Haiimbi? Nani Kasema!

Najua nimewatelekeza. Wengine mmeshaanza kuniuliza kama nimehama mji au nimeoa kimyakimya. Sijahama na sijaoa. Nilikuwa napigana na kompyuta. Na kwa kuwa safari hii nimeshinda mimi, leo lazima niseme, tena niseme kwa sauti, maana yaliyonikuta naamini yanawakuta wengi wenu huko maofisini na mnanyamaza.

Kisa chenyewe ni hiki. Pale chumba cha habari ninapofanyia kazi, watu wa uhasibu waliletewa mashine mpya, ile ya zamani ikatolewa. Ile ya zamani ilikuwa seva. Dude zito, linavuma kama feni bovu, lakini ndani yake lina prosesa mbili na memori inayozidi ya kompyuta zote tunazogombea sisi waandishi zikijumlishwa pamoja. Likawekwa kwenye korido likisubiri kuuzwa kwa mnada. Mimi na mwenzangu mmoja tukaenda kwa mhariri, tukamwomba: bosi, tupe hili dude tuharirie sauti na video za kwenye tovuti. Mhariri wetu ni mtu mwema, akasema chukueni.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimerudi Kunduchi na mahojiano ya dakika 40 na babu mmoja mvuvi, mtu ambaye ameanza kwenda baharini kabla baba yangu hajazaliwa. Yule babu ana sauti, ndugu zangu. Anaposimulia jinsi samaki walivyokuwa wakivuliwa karibu na ufukwe na jinsi wanavyofuatwa mbali sasa, unasikia upepo ndani ya maneno yake. Maandishi hayawezi kuibeba sauti ile. Nilitaka msomaji aisikie.

Tukawasha dude. Likaamka vizuri. Nikabofya faili la mahojiano. Kimya. Pale pembeni chini, alama ya spika ina msalaba mwekundu. Nikamwita fundi wetu wa kompyuta. Akaja, akatazama kwa sekunde tano, akacheka.

"Dogo, hiyo ni seva. Seva haiimbi."

"Kaka, kwa nini haiimbi?"

"Ndivyo ilivyotengenezwa. Haiwezekani. Mkitaka muziki andikeni barua mnunuliwe kompyuta ya mezani."

Tukaandika barua. Jibu likarudi kwamba hakuna fungu mpaka mwaka ujao wa fedha. Habari ya babu ikatoka gazetini, maneno 600 na picha moja, bila sauti yake. Dude likabaki pale mezani likivuma, lina nguvu za punda kumi, limeambiwa haliwezi kufanya kazi ambayo simu yangu ya mkononi inaifanya.

Neno lililoniuma ni hilo: haiwezekani. Mimi ni mwandishi. Kazi yangu nikiambiwa neno na mkubwa ni kuuliza nani kasema na kwa ushahidi gani. Nikajiuliza, mbona kwa mawaziri nauliza lakini kwa fundi wa kompyuta nainamisha kichwa? Nikaanza kuchimba. Na nilichokikuta ndicho kimenifanya niandike leo: kuna "haiwezekani" na kuna "hawataki". Haya ni maneno mawili tofauti kabisa. Lakini katika mambo ya kompyuta tumezoea kuambiwa la kwanza wakati ukweli ni la pili, na tunaitikia amina.

Tuanze na yale ambayo ni kweli, ili asije mtu akasema nabwabwaja. Seva na kompyuta ya mezani zina tofauti. Mashine nyingi za seva hazina kadi ya sauti kabisa, kwa sababu aliyezitengeneza alijua zitafungiwa kwenye chumba cha baridi ambako hakuna mtu wa kusikiliza. Kadi ya picha nayo huwa dhaifu, ya kumwezesha fundi kuona menyu basi. Hayo ni mambo ya vyuma, na vyuma havibishani. Dawa yake ni kidude cha sauti cha kuchomeka kwenye USB, unakipata Kariakoo kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wachache.

Tofauti ya pili ni jinsi mfumo unavyogawa muda wa prosesa. Windows ya mezani kwa kawaida huipa kila kazi zamu fupi, mapigo 2 ya saa ya ndani ya kompyuta, na programu uliyoifungua mbele yako hupendelewa. Windows Server huipa kila kazi zamu ndefu ya mapigo 12, bila upendeleo. Sababu yake ina maana: seva inahudumia watu wengi walio mbali, haitaki kurukaruka. Lakini ukicheza sauti huku kazi nyingine nzito inaendelea, zamu ndefu zinaweza kufanya sauti ikatekate. Je, hii ni sheria ya maumbile? Hapana. Ni chaguo kwenye menyu ya mipangilio ya mfumo, sehemu ya utendaji. Kuna sehemu mbili za kuchagua, moja ya programu na nyingine ya huduma za nyuma ya pazia. Unabofya ya programu, umemaliza.

Tofauti ya tatu ni huduma zilizozimwa. Huduma inayoitwa Windows Audio ilikuwa imezimwa kwenye Windows Server 2003. Nasema imezimwa, sisemi imekosekana! Iko ndani, imelala. Unafungua orodha ya huduma, unaitafuta, unaiambia iwe inajiwasha yenyewe. Kwenye Server 2003 hiyohiyo hata uwezo wa kadi ya picha kusaidia kuchora ulikuwa umepunguzwa kwa makusudi, na unaurudisha kwa kusogeza kidude kimoja kwenye mipangilio ya skrini. Mtu anayeona video inakwenda kama konokono anadhani mashine ni mbovu. Mashine ni nzima, imefungwa breki.

Sasa njoo kwenye sehemu inayokera.

Mwaka 1996 Microsoft ilikuwa inauza mifumo miwili, Windows NT Workstation na Windows NT Server. Ya pili ilikuwa ghali zaidi kwa mamia ya dola. Katika toleo la majaribio la NT Workstation 4.0, kampuni ikaweka kikwazo: mashine isiweze kupokea maunganisho kutoka kwenye anwani zaidi ya 10 tofauti ndani ya dakika 10. Maana yake ni kwamba ukitaka kuendesha tovuti, hata ndogo, kanunue ile ghali. Watu wakapiga kelele, hasa waliokuwa wakiuza programu za seva za wavuti, akiwemo mchapishaji wa vitabu vya kompyuta Tim O'Reilly. Kikwazo kikatolewa kwenye programu, lakini kikabaki kwenye maandishi ya leseni.

Mwezi Septemba mwaka huohuo, Andrew Schulman akachapisha uchambuzi kupitia kampuni ya O'Reilly. Mtaalamu mwingine, Mark Russinovich, alikuwa ameifungua mifumo yote miwili na kutazama ndani. Wakakuta nini? Kiini cha mifumo yote miwili ni faili lilelile. Linapoamka linasoma neno moja kwenye rejista ya mfumo, mahali panapoitwa ProductType. Likikuta imeandikwa WinNT, linajiendesha kama Workstation. Likikuta ServerNT, linajiendesha kama Server. Neno moja! Na kulikuwa na mlinzi ndani ya mfumo, kazi yake kuangalia muda wote mtu asije akalibadilisha neno lile.

Niwe mkweli hapa. Microsoft ilijibu kwamba Server ilikuwa na programu nyingi za ziada ndani yake na kwamba ilipimwa na kurekebishwa kwa kazi nyingine. Programu za ziada zilikuwepo kweli, na anayezihitaji ana haki ya kuzilipia. Lakini kuuza kilichoongezwa ni jambo moja, na kumwambia mteja kwamba alichonacho hakina uwezo, wakati uwezo umo ndani na umefungiwa kwa neno moja, ni jambo jingine. Ni sawa na mwenye nyumba akupangishe vyumba vitatu, afunge kimoja kwa kufuli, kisha aseme nyumba ina vyumba viwili. Na yule Russinovich? Mwaka 2006 Microsoft iliinunua kampuni yake, akaingia ndani ya jumba lenyewe, na baadaye akawa mkuu wa teknolojia wa Azure. Hakuwa mzushi.

Mnaweza kusema, kaka hayo ni ya 1996, wengine tulikuwa hatujazaliwa. Haya, sogea mbele. Mwezi Februari 2008 Windows Server 2008 ilikamilishwa siku moja na toleo la kwanza la marekebisho la Vista. Zote mbili zina namba moja ya ujenzi, 6001. Mwaka 2009 ikawa hivyohivyo kwa Windows 7 na Server 2008 R2, zote 7600. Ni watoto wa tumbo moja. Mmoja kavishwa suti, mwingine kavishwa fulana.

Kwenye Server 2008, ukiisakinisha bila kugusa kitu, hukuti kicheza muziki wala video. Kinakuja ukiongeza kifurushi kinachoitwa Desktop Experience, unaweka tiki, unawasha upya mashine, Media Player inajitokeza na madirisha yanapendeza. Tangu Server 2016 mambo yamegeuzwa, unachagua Desktop Experience wakati wa kusakinisha, na ukiikosa pale mwanzo huwezi kuiongeza baadaye, unaanza upya. Na hata ukiichagua, duka la programu la Microsoft halimo.

Sasa kumbuka kitu. Mwezi Machi 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 kwa makosa mawili. La kwanza, kuwanyima washindani habari za jinsi ya kuzungumza na seva zake. La pili, kufunga Media Player pamoja na Windows ili anayetaka kimoja achukue vyote. Kampuni ilijitetea kwamba kicheza media ni sehemu halali ya mfumo na kukitoa kunauharibu mfumo. Mahakama ya Ulaya ikaiunga mkono Tume mwezi Septemba 2007. Kisha Februari 2008, miezi mitano tu baadaye, kampuni ileile ikakamilisha mfumo uliojengwa kwa kiini kilekile, ambao kicheza media ni tiki ya kuweka au kutoweka! Kumbe kinatoka. Kumbe kinaingia. Kwenye meza ya mtu wa kawaida walisema hakitengani na mfumo, kwenye seva kikatenganika vizuri tu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ninachoambiwa ni ufundi mara nyingi ni biashara iliyovaa koti la ufundi.

Na si Microsoft peke yake. Wanaoandika programu za juu yake nao wamejifunza. Kisakinishi kikianza kazi, kinaweza kuuliza Windows: wewe ni nani? Windows hujibu kwa namba. 1 ni kompyuta ya mezani. 2 ni seva kuu inayosimamia mtandao wa ofisi. 3 ni seva ya kawaida. Kisakinishi kikisikia 2 au 3 kinaweza kukataa palepale, kabla hakijapima memori, kabla hakijaangalia prosesa, kabla hakijajaribu chochote. Hata draiva ya kadi ya picha au ya sauti inaweza kuandikwa hivyo, iikubali namba 1 na kuziruka nyingine. Programu nyingi za bure za kuzuia virusi za matumizi ya nyumbani ziko hivyo pia, kwenye seva zinakwambia kanunue ya kampuni.

Hilo la virusi nalielewa kidogo, ni njia yao ya kula. Lakini programu ya kuhariri video, ambayo nimelipia leseni yake kwa pesa yangu, inapokataa mashine yangu yenye memori mara nne ya inayohitajika kwa sababu tu imesikia namba 3, hapo naomba mniambie nani amekosea. Hilo lilinikuta. Programu yenyewe siitaji jina. Iliandika sentensi moja, kwamba mfumo huu hauungwi mkono. Ukiisoma haraka unadhani imesema haiwezekani. Isome tena. Imesema hatutaki.

Najua kuna mtaalamu anasoma hapa anatikisa kichwa. Anasema huyu mwandishi wa habari hajui usalama. Seva haitakiwi kuwa na vicheza muziki kwa sababu kila programu unayoongeza ni dirisha jingine ambalo mwizi anaweza kupita. Ndiyo maana Server 2008 ilileta toleo la Core lisilo hata na madirisha ya kawaida. Ndugu yangu, nakuunga mkono kwa asilimia mia. Seva inayotunza mishahara ya watu, au rekodi za wagonjwa, au akaunti za benki, usiiguse! Ukimkuta mtu anacheza bongo fleva kwenye seva ya hospitali, mfukuze, na mimi nitakushikia mlango. Kuizima huduma ya sauti kwenye mashine kama hiyo ni busara, na aliyeizima kiwandani alifanya vizuri.

Lakini dude letu la korido halitunzi mishahara ya mtu. Limestaafu. Limepewa kazi nyingine na mwenye mali. Hoja ya usalama inaeleza kwa nini kitu kizimwe mwanzoni. Haielezi kwa nini mwenye mashine azuiwe kukiwasha. Wala haielezi kwa nini fundi amwambie haiwezekani.

Na hapa nawageukia wetu sasa, maana ni rahisi kumtupia mawe mzungu aliye mbali na kumwacha wa karibu. Yule fundi wetu si mtu mbaya, na shahada anayo kama mimi. Alitazama kwa sekunde tano akatoa hukumu. Hakufungua orodha ya huduma. Hakuuliza mashine ina kadi ya sauti au haina. Alijifunza chuoni kwamba seva ni ya hiki na kompyuta ya mezani ni ya kile, akafaulu mtihani, akaishia hapo. Alifundishwa bidhaa, hakufundishwa kinachofanyika ndani. Na sisi wengine wote tulifundishwa hivyohivyo. Nani kati yetu alifundishwa chuoni kufungua kitu na kuuliza kwa nini? Tulifundishwa bofya hapa, kisha bofya pale. Siku menyu ikibadilika, elimu yetu inaisha.

Tena tuna ugonjwa mwingine. Tukikutana na mlango uliofungwa hatuulizi nani kaufunga, tunakwenda kununua kreki. Kila mtaa wa mjini una kijana mwenye diski zake, au siku hizi fleshi, programu ya maelfu ya dola kwa bei ya soda. Tunajiona wajanja. Ujanja gani huo? Kreki haikufundishi kitu, inakuletea virusi, na inaendelea kukufunga kwa kampuni ileile ambayo bei zake huziwezi. Siku ukianzisha ofisi halali unaanza na deni la kutumia kitu usichokilipia na usichojua kuishi bila hicho. Sijaandika haya ili mtu aende kubadilisha lile neno la ProductType. Mfumo wa kisasa utakataa, na hata ukikubali utakuwa umevunja leseni. Huduma ya sauti kuwashwa, Desktop Experience kuwekwa tiki, mgawo wa muda kubadilishwa, hayo yote yamo kwenye menyu ya mwenye mfumo. Ni haki yako, huhitaji kuiba.

Na kama mlango umefungwa kweli, kuna nyumba nyingine ambayo haina mlinzi getini. Nazungumzia Linux. Chukua Ubuntu. Kuna ya seva na kuna ya mezani. Zamani hata wao walikuwa na kiini kilichopangwa tofauti kwa ajili ya seva, lakini tangu toleo la 12.04 la mwaka 2012 viliunganishwa, kiini ni kimoja. Tofauti iliyobaki ni vifurushi gani vimewekwa mwanzoni. Una Ubuntu ya seva na unataka iwe ya mezani? Unaandika amri moja ya kusakinisha kifurushi cha ubuntu-desktop, unakwenda kunywa chai, ukirudi una madirisha. Unaongeza VLC ya kutazama, Audacity ya sauti, Kdenlive ya video. Hakuna kati ya hizo inayokuuliza wewe ni namba ngapi.

Sisemi ni peponi. VLC itakugomea ukiifungua ukiwa umeingia kama root, yaani mtawala wa mfumo, na watu wa seva wana tabia ya kuingia hivyo. Lakini inakwambia sababu, kwamba ni hatari, na njia ni kufungua akaunti ya kawaida. Kwenye mifumo ya ukoo wa Red Hat kwa miaka mingi hata MP3 haikuchezeka mpaka uongeze hazina za nje, kwa sababu ya hataza za Marekani, na hataza za MP3 zilikwisha muda wake mwaka 2017. Kwa hiyo vikwazo vipo huko pia. Tofauti ni kwamba sababu imeandikwa wazi, unaisoma, unaikubali au unaibishia. Hakuna anayekudanganya kwamba ni maumbile.

Na msiseme haya ni mambo ya mbali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na mradi wa Kilinux, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Miaka zaidi ya 20 iliyopita! Watu wetu walikaa chini, wakatafuta maneno, wakaingia ndani ya programu na kuibadilisha kwa sababu leseni iliwaruhusu. Leo wangapi kati yetu wasomi wa mjini tunaujua mradi huo? Tunajua bei ya simu mpya kabla haijafika sokoni, lakini hatujui kwamba ndugu zetu waliwahi kulivunja hilo neno "haiwezekani" palepale Mlimani.

Mnataka kujua dude liliishia wapi? Nilikaa nalo usiku tatu baada ya kazi. Nilinunua kidude cha USB cha sauti, mfumo wenyewe ukakitambua bila draiva. Nikawasha huduma ya sauti. Nikaongeza kifurushi cha mezani. Nikabadilisha mgawo wa muda. Programu ile iliyonikataa nikaachana nayo, nikaweka Audacity, ambayo haikuniuliza swali. Ukijumlisha kazi yenyewe ilikuwa dakika 20 hivi. Muda mwingine wote ulikwenda katika kutafuta, kwa sababu hakuna aliyeniambia pa kutazama.

Usiku wa tatu, kama saa nne hivi, chumba cha habari kimebaki na mimi na mlinzi, nikabofya faili. Babu wa Kunduchi akaanza kuzungumza. Mlinzi akasogea, akasimama nyuma yangu, akasikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza huyu mzee yuko hai? Nikamwambia yuko hai. Akasema, basi mwambie anazungumza kweli, baba yangu naye alikuwa mvuvi.

Asubuhi nikamwita fundi. Nikambofyia. Akasikiliza, akakuna kichwa. Hakusema haiwezekani. Akavuta kiti, akasema, "Dogo, hebu nionyeshe ulipopita." Nikamwonyesha. Sasa yeye ndiye anayetafuta mashine nyingine zilizostaafu kule stoo, na tayari amefufua moja kwa ajili ya wapiga picha.

Sauti ya babu iliwekwa kwenye tovuti, ikiwa imechelewa kwa majuma mawili. Majuma mawili yaliyoliwa na neno moja lisilo na ushahidi.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja tu kwenu mnaosoma hapa, mlio kwenye mabenki, mawizara, mashule na magazeti. Kuna madude mengi kwenye korido zenu yanasubiri mnada. Kuna vijana wengi wenye kazi na hawana mashine. Mara nyingine mtu akikwambia haiwezekani, usigombane naye. Muulize tu kwa upole: kaka, haiwezekani, au hawataki? Kisha fungua orodha ya huduma, utazame mwenyewe.

Siku njema. Na dude linavuma hapa pembeni ninapoandika. Siku hizi linavuma na kuimba.